Taifa la wakimbiaji lisilojua kuogelea

Mtaje Mkenya popote duniani, na anayekusikiliza ataziwaza mbio. Sifa hiyo hatukupewa na mtu. Tumeilipia kwa jasho. Tangu Kipchoge Keino alipomshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, hadi Eliud Kipchoge alipoukamilisha mwendo wa marathoni jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mnamo Oktoba 12, 2019, dunia imezoea kututafuta mbele na kutupata huko huko.

Hata hivyo, yako mashindano ambamo sifa hii haimfai mtu kitu mpaka afike sehemu ya mwisho. Humo mshindani huanza kwa kuogelea, akatoka majini mbio kupanda baiskeli, na akishuka kwenye baiskeli ndipo hukimbia. Asiyeweza kuyavuka maji hapati nafasi ya kumwonyesha yeyote kwamba anajua kukimbia. Mashindano hayo huitwa triathloni, yaani michezo mitatu kwa mfululizo bila kupumzika, na mimi, mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 43 na mkazi wa mtaa wa Tena hapa Eastlands, Nairobi, ninajiandaa kushiriki kwa mara ya kwanza katika masafa yake marefu.

Majirani wamenishangaa. Walimu wenzangu wameniuliza kwenye chumba cha walimu kama nimefilisika kwa mambo ya kufanya. Sikusudii kuwajibu kwa majigambo, kwani sijamaliza shindano lolote na huenda nikawa wa mwisho. Nakusudia kueleza jinsi matayarisho yenyewe yanavyofanyika, na yale yaliyonifungua macho kuhusu shule zetu na mitaa yetu. Naamini mambo hayo yanamhusu hata msomaji ambaye hatapanda baiskeli maishani mwake.

Ubishi wa Hawaii

Mashindano ya kwanza kuitwa triathloni kwa maana hii ya leo yalifanyika Septemba 25, 1974, katika Mission Bay, San Diego, nchini Marekani, na washindani walikuwa 46. Lakini masafa marefu yalizaliwa kwa ubishi. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akiwa pamoja na mkewe Judy katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliwasikia wanamichezo wakibishana kuhusu ni nani mwenye mwili imara zaidi: mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli. Collins akapendekeza mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika kisiwani humo kwa nyakati mbalimbali yaunganishwe kuwa moja. Kwanza kuogelea kilomita 3.8 baharini, kisha baiskeli kilomita 180, halafu marathoni kamili ya kilomita 42.

Februari 18, 1978, watu 15 walijitosa majini. Waliomaliza ni 12, na wa kwanza wao, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mwaka uliofuata mwanamke wa kwanza, Lyn Lemaire, alishiriki na kumaliza wa tano kwa jumla, akiwaacha nyuma wanaume wengi waliodhani siku hiyo ni yao. Mashindano hayo ndiyo yanayojulikana hadi leo kwa jina la Ironman. Masafa mafupi zaidi, yaani kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40 na mbio 10, yaliingizwa katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000.

Mimi sijafikia wazimu wa kilomita 226 kwa siku moja. Ninayoyaandalia ni masafa ya nusu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, mbio 21.1, jumla kilomita 113, ambazo kwa kawaida mshindani hupewa saa nane na nusu kuzikamilisha. Mwezi wa Agosti 2022 masafa hayo yalifika karibu nasi, pale mji wa Rubavu nchini Rwanda, unaopakana na Goma kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, ulipoandaa mashindano ya kwanza ya Ironman katika Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, aliyetamani kujipima alilazimika aghalabu kuwaza nauli ya ndege hadi Afrika Kusini. Siku hiyo udhuru wa umbali ulikwisha, nami natamani kuyakamilisha masafa hayo kando ya ziwa hilo.

Ili msomaji asibaki na tarakimu tupu, na ayapime kwa vitu vya kwetu. Kilomita 1.9 ni kulivuka bwawa la mita 25 mara 76. Kilomita 90 ni kutoka Tena, ukashika barabara ya Kangundo, ukapita Njiru, Ruai, Kamulu na Joska, ukafika Tala na kurudi. Nayo mbio ya kilomita 21 ni kuikimbia barabara yote ya Outering tangu Taj hadi kwenye mzunguko wa GSU, kilomita 13, kisha ugeuke na kurudi zaidi ya nusu yake. Yote hayo kabla ya chakula cha jioni.

Maji

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini sisi tuliolelewa Eastlands hatukupata maji ya kuvulia nguo. Mto uliokuwa karibu nasi ni Mto Nairobi, ambao hapana mzazi mwenye akili timamu anayeweza kumruhusu mwanawe atie humo hata kidole cha mguu. Bahari tuliijua kwa ramani ya darasani. Ziwa tulilijua kwa samaki. Hivyo nilipoanza matayarisho haya sikuanza na baiskeli wala viatu. Nilianza kwa kutafuta mtu wa kunifundisha kuelea.

Nilimpata katika bwawa la hoteli moja, Jumamosi asubuhi, akiwafundisha watoto wa umri wa miaka saba hadi kumi. Ni msichana aliyemaliza shule ya sekondari juzijuzi tu. Nilijipanga na watoto hao kwenye ukingo wa bwawa, kitambi changu na miwani yangu mipya, nao wakaniangalia kama wanavyomwangalia tembo aliyepotea njia. "Mwalimu," binti huyo aliniambia kwa adabu zote, "usipigane na maji. Maji hayajawahi kushindwa na mtu. Weka uso ndani, toa pumzi yote, halafu ndipo ugeuze kichwa uvute nyingine."

Maneno hayo machache yana sayansi nzima ndani yake. Mtu asiyezoea maji hubana pumzi. Akiibana, hewa chafu ya kaboni dioksaidi hurundikana katika damu, na mrundiko huo ndio unaouambia ubongo kwamba mauti yamekaribia. Hapo ndipo hofu humwingia, akanyanyua kichwa, na kichwa kikipanda miguu huzama. Miguu ikizama, mwili husimama wima kama mlingoti na hausongi mbele tena. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo nguvu nyingi zisizo na maarifa huishia kuyachafua tu. Mkimbiaji mwenye mapafu ya Iten akijitupa humo bila mafunzo huchoka kabla ya mita 50, huku mtoto wa miaka tisa aliyefundishwa akimpita akitabasamu. Jambo hili nimeliona kwa macho yangu, na mtoto aliyenipita ana mapengo mawili.

Mwezi wa kwanza nilijifunza kuelea na kupumua. Mwezi wa tatu niliweza mita 400 bila kushika ukingo. Wakati ninapoandika haya nimefikia mita 1,500. Kilichobaki ni kujizoeza katika maji ya wazi, pasipokuwa na ukuta wa kushika wala mstari chini wa kukuongoza, ambapo kila baada ya mikono kadhaa huna budi kuinua macho ulitafute boya usije ukaogelea kuelekea nchi nyingine. Mazoezi hayo hayafanywi peke yako kamwe. Ni sharti pawepo wenzako wanaojua kuogelea, na mashua karibu.

Sasa naomba walimu wenzangu wanisikilize vyema. Katika darasa langu moja niliwauliza wanafunzi ni wangapi wanaoweza kuogelea kutoka ukingo mmoja wa bwawa dogo hadi wa pili. Mikono iliyoinuka ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na karibu yote ilikuwa ya vijana waliolelewa Pwani au kando ya Ziwa Victoria. Waliobaki walicheka, kana kwamba nimewauliza kama wanajua kuruka angani.

Si jambo la kucheka. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo kwa kulinganisha na idadi ya watu. Kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne, kufa maji ni miongoni mwa sababu nne kuu za vifo. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Upande huu wa Nairobi, kuelekea Kayole na Njiru, yamo machimbo ya mawe ambayo mvua za masika huyageuza mabwawa. Watoto huenda huko kucheza likizoni, na si wote wanaorudi. Katika mafuriko ya Machi hadi Mei mwaka 2024 nchi hii ilipoteza zaidi ya watu 200. Sisemi kwamba anayejua kuogelea atayashinda mafuriko ya usiku wa manane. Maji yanayobeba magogo na mabati hayamchagui mtu. Lakini mtoto aliyefundishwa huyajua maji, huyaogopa kwa kiasi chake, na akitumbukia katika shimo tulivu la mawe hujua namna ya kugeuka chali akaelea hadi apate msaada. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomtenganisha aliye hai na marehemu.

Tusijidanganye pia kwamba Mkenya hana asili ya maji. Jason Dunford, mzaliwa wa jiji hili hili, alifika fainali ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008, kisha akatwaa dhahabu ya mita 50 kwa mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi mwaka 2010. Serikali nayo ilijenga bwawa la kimataifa katika uwanja wa Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Vipaji vipo na maji yapo. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha mtoto wa Tena, Umoja au Kayole kwenye maji hayo kwa bei ambayo mzazi wake anaimudu. Kiingilio cha bwawa la hoteli ninakojifunzia kinakaribia bei ya pakiti mbili za unga. Ni mzazi gani mwenye watoto wanne atakayeuacha unga dukani akanunue kuogelea?

Magurudumu

Baiskeli yangu ni ya mitumba, nyepesi, yenye usukani uliopinda na gia ambazo mwanzoni sikujua kazi yake. Fundi aliyenirekebishia, ambaye karakana yake ni mwavuli mmoja na sanduku la vyuma kando ya barabara, alinipa somo la kwanza. "Mwalimu," alisema huku akiuzungusha mnyororo, "baiskeli ni kama mwanafunzi. Ukiipuuza muhula mzima, itakuaibisha siku ya mtihani." Kwake nimejifunza kubadilisha mpira wa ndani, kuunga mnyororo uliokatika na kurekebisha breki, kwa maana kanuni za triathloni zinamkataza mshindani kupokea msaada wa mtu wa nje. Zinakataza pia, katika masafa haya, kujificha nyuma ya mwenzako ili akukingie upepo. Tairi likipasuka, ni lako. Upepo ukivuma, ni wako.

Mazoezi ya masafa nayafanya Jumapili, nikiondoka saa kumi na moja alfajiri kabla matatu hazijachangamka. Nilianza na kilomita 20, nikaongeza kidogo kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne nikapunguza ili mwili upate kujijenga. Misuli haikui wakati wa kazi, hukua wakati wa mapumziko. Sasa Ruai ni karibu, Joska ni kawaida, na Tala nimefika mara tatu.

Hofu iliyopo barabarani haihusiani na uchovu. Katika nchi hii zaidi ya watu 4,000 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2023, na zaidi ya 4,000 tena mwaka 2024, kundi kubwa zaidi likiwa la watu wa miguu. Barabara ya Outering ilipopanuliwa ilitengewa njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Jaribu kuzipita jioni: utakuta vibanda, pikipiki zilizoegeshwa, na matatu iliyopanda juu ya ukingo kuukwepa msongamano. Nimewahi kusukumwa hadi kwenye mtaro na gari ambalo dereva wake hakugeuza hata shingo. Kijana anayetaka kwenda shuleni kwa baiskeli kutoka Tena huyahatarisha maisha yake mara mbili kwa siku, na ndiyo maana wazazi huona afadhali wamlipie nauli.

Hata hivyo katika nchi hii hii, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alianza kuendesha baiskeli chini ya mafunzo ya David Kinjah katika kijiji kimoja cha Kikuyu. Baadaye, akiiwakilisha Uingereza, alishinda mbio za Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Kinjah hakuwa na karakana ya kifahari; alikuwa na nyumba ya kawaida, vijana waliompenda, na subira. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika bara la Afrika. Jirani zetu wameelewa kwamba barabara nzuri na salama ni uwanja wa michezo usiohitaji ukuta wala tiketi.

Miguu

Msomaji atadhani kwamba nilipofika kwenye mbio nilipumua kwa raha, mimi ni Mkenya. La. Kukimbia baada ya kuendesha baiskeli ni kukimbia kwa miguu ya mtu mwingine. Misuli iliyozoea kuzunguka kwa saa tatu hukataa kupokea amri mpya, magoti huwa mazito kama magogo, na kilomita ya kwanza humfanya mtu atilie shaka jina lake. Dawa yake ni mazoea. Mara moja kwa wiki nashuka kwenye baiskeli mlangoni pangu, nabadilisha viatu na kukimbia papo hapo kilomita tano katika vichochoro vya Tena, watoto wakinifuata na kupiga kelele. Tena ni mtaa wa nyumba zilizobanana, na kila anayekimbia huko ana watazamaji.

Kisha kuna suala la chakula, ambalo wajuzi huliita mchezo wa nne. Wanga uliohifadhiwa mwilini unatosha kwa kazi nzito ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Baada ya hapo asiyekula huzimika kama taa iliyokatiwa stima. Wataalamu hushauri gramu 60 hivi za wanga kwa kila saa. Maduka huuza vipakiti vya kigeni vya kazi hiyo kwa bei ya kutisha. Mimi hubeba ndizi mbivu, vipande vya viazi vitamu vilivyotiwa chumvi, na chupa ya maji yenye sukari na chumvi kidogo. Chumvi ni lazima. Mtu anayetoka jasho kwa saa nyingi na kunywa maji matupu kupita kiasi huipunguza chumvi katika damu yake hadi akachanganyikiwa, na wapo waliokufa kwa sababu hiyo. Katika yale mashindano ya kwanza ya 1978, John Dunbar aliyemaliza wa pili aliishiwa na maji, wasaidizi wake wakampa bia. Sishauri mtu aufuate mfano huo, hasa wanafunzi.

Februari 1982, mwanafunzi wa chuo kikuu, Julie Moss, alikuwa akiongoza wanawake huko Hawaii. Zikiwa zimebaki hatua chache afike mwisho, nguvu zilimwisha kabisa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita. Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akaugusa mstari, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Picha hizo zilioneshwa kwenye televisheni, na watu wengi walioziona wakaingia katika mchezo huu. Jina la Moss linakumbukwa na wengi hadi leo, wakati la mshindi limesahaulika.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri. Hoja yao ina uzito, nami siikwepi. Ada ya kujiandikisha katika mashindano makubwa ya aina hii hufika mamia ya dola, na baiskeli za wanaoongoza zina bei ya gari. Nilipolifikisha jambo hili nyumbani, mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Baba Neema, karo ya muhula ujao je?" Tulikubaliana kwamba hakuna hata senti ya karo itakayoguswa, na kwamba fedha za safari zitatoka katika malipo yangu ya kusahihisha mitihani. Ndiyo maana matayarisho yangu yamechukua muda mrefu kuliko ya watu wenye haraka.

Lakini tuutenganishe mchezo na biashara yake. Hakuna sheria ya maumbile inayosema triathloni lazima iwe ya kilomita 113. Shule inaweza kuandaa ya kuogelea mita 200, baiskeli kilomita tano na mbio kilomita moja na nusu, wanafunzi wakipokezana baiskeli tatu za kuazima. Kukimbia tunako. Baiskeli zimo mitaani, zikibeba mikate na mitungi ya maji. Kinachokosekana, narudia, ni maji salama ya umma na barabara isiyoua. Na hivyo viwili mtoto wa Eastlands anavihitaji hata kama hatashindana na mtu yeyote.

Wengine watauliza kama mwalimu hana kazi bora ya kufanya kuliko hii. Kwao nasema kwamba katika miaka 18 ya kufundisha sijapata kitu kilichonisaidia darasani kama kurudi kuwa mwanafunzi dhaifu. Nilipokuwa nikihangaika kuelea huku watoto wakinipita, nilielewa vizuri zaidi yule kijana wa kiti cha nyuma ambaye kila nikiuliza swali huinamisha uso. Yeye si mvivu. Anabana pumzi. Ukimkemea ataibana zaidi. Yule binti wa bwawani hajawahi kunikemea hata siku moja.

Funzo

Matayarisho haya yana kanuni moja ambayo ningependa iandikwe katika kila darasa: siku zako zitumie pale ulipo dhaifu. Ningeweza kukimbia kila asubuhi nikasifiwa na majirani, wala nisingefika popote, kwa kuwa mlango wa mashindano uko majini. Wanafunzi wetu hufanya kinyume. Apendaye historia huisoma usiku kucha na kuikimbia hisabati, kisha hushangaa wastani unapomwangusha. Kanuni ya pili ni kwamba mwili haukubali kukesha usiku wa kuamkia mtihani. Huwezi kuogelea kilomita 40 wiki ya mwisho ili kufidia miezi mitano ya uvivu, utaumia tu. Kinachoaminika ni kidogo cha kila siku, na usingizi wa kutosha.

Kwa upande wa wakubwa nina maombi matatu. La kwanza ni kwa walimu wakuu. Kipindi cha elimu ya viungo kimo katika ratiba, lakini aghalabu hutwaliwa na hisabati au kemia kabla kengele haijanyamaza. Kirudisheni kwa wenyewe. Mfumo wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Itakuwa kichekesho kuwa na mkondo wa sayansi ya michezo katika shule ambayo wanafunzi wake hawajapata kuingia majini. Shule chache jirani zinaweza kuungana, zikakodi bwawa asubuhi moja kwa wiki wakati hoteli hazina wageni, na kumlipa mwalimu mmoja wa kuogelea kwa pamoja. Akiwepo mwokozi ukingoni, somo lianze kwa kuelea, na mashindano yangoje.

La pili ni kwa serikali ya kaunti. Eastlands ina watu wengi kuliko miji mingi ya nchi hii. Bwawa moja la umma lenye mwokozi, maji safi na kiingilio cha shilingi chache lingeokoa maisha ya watoto wasiojulikana majina kwenye takwimu yoyote. Hadi litakapojengwa, machimbo ya mawe yazungushiwe ua.

La tatu ni kwa wanaosimamia barabara: njia za miguu na baiskeli zilizokwisha kujengwa kwa fedha za umma zirudishwe kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Hazihitaji mkopo mwingine wala mkandarasi. Zinahitaji mtu wa kuzilinda.

Nanyi wanafunzi mnaosoma haya: Iten haikuumbwa na miujiza. Vijana wa huko walikuwa na barabara ya vumbi, mlima na mtu wa kuwaonyesha kwamba inawezekana, na hayo yakatosha kuibadilisha sura ya mbio duniani. Nasi tukimpa kila mtoto wa jiji hili maji salama ya kujifunzia na mtu mvumilivu wa kumwambia atoe pumzi, baada ya miaka kumi hatutashangaa tukimwona Mkenya akiongoza alipotoka majini. Na hata asipoongoza popote, atakuwa amevuka, na mama yake hatakesha kando ya shimo la mawe akimngoja.